Kubadili arei kubwa kwenye Python: angalia nakala kabla ya kununua laptop mpya

Mkuu, umesema una rekodi milioni 10 zenye safu 6 za desimali kwenye listi za Python, laptop ya GB 4 inaganda kila ukigeuza kilo kuwa tani, na unataka kununua nyingine. Subiri kwanza. Nipo Dodoma, nashughulika na takwimu za mahindi ya Kibaigwa na alizeti ya Singida, na tatizo hili nakutana nalo sana.

Kila desimali kwenye listi ni kitu kamili cha baiti 24, na listi inashika anwani yake ya baiti 8. Safu moja ni karibu MB 320. Zote 6 zinakaribia GB 2 hata hujaanza kukokotoa. NumPy, maktaba ya Python ya kukokotoa namba (kwenye kodi huitwa np), huzipanga kwenye arei, yaani namba za aina moja zilizokaa pamoja, na hutumia baiti 8 tu kwa namba: MB 80 kwa safu, MB 480 kwa zote.

Ukishahamia huko, chunga unavyoandika. Tuseme a ni arei ya safu moja: a = a / 1000 hutenga MB 80 nyingine, hujaza majibu humo, ndipo ya zamani iachiwe. a /= 1000 huandika palepale. Wengi huisifia kwa kuokoa memori tu, ila kwenye arei kubwa mimi naona na kasi inaongezeka, kwa kuwa mfumo endeshi hauombwi memori mpya. Lakini arei ikiwa ya namba kamili, amri hiyo itagoma. Igeuze iwe ya desimali kwanza. Na kipande kama a[:1000] hushiriki memori na arei mama, hivyo ukikibadili hapohapo, mama naye anabadilika. Ukihitaji data ya awali, chukua copy() bila kuona uchungu.

Kugeuza namba hasi kuwa sifuri: a[a < 0] = 0 hutengeneza alama za ndiyo/hapana za baiti 1 kwa kila namba, MB 10. np.where huongeza arei nzima ya majibu juu ya alama hizo. np.maximum(a, 0, out=a) haihitaji chochote cha ziada, na ndiyo ninayoitumia.

Kitu kimoja nakuomba sana uache: np.append ndani ya lupu, maana kila ikiongeza namba hunakili arei yote upya. Ni sawa na kuhamisha ghala zima kila gunia moja linapoingia. Kuongeza namba 100,000 moja moja ni kunakili namba kama bilioni 5, karibu GB 40 za data. Kama idadi unaijua, tenga nafasi yote mara moja kwa np.empty kisha ujaze. Kama huijui, kusanya kwenye listi, append yake ni nyepesi, halafu geuza mara moja mwishoni.

Pima kasi kwa timeit na kilele cha memori kwa tracemalloc, zana zinazokuja na Python yenyewe, kwa rekodi zako zote milioni 10. Ukipima kwa rekodi 1,000, tofauti hizi hutaziona.