Jibu: Mume anataka tuachane na nyumba ina jina lake

Pole dada yangu. Nimekuelewa, mume kahama nyumbani anataka talaka na anasema nyumba ya Ujiji huna chako kwa vile hati ina jina lake tu. Anakutisha bure, sheria ya ndoa ya 1971 inaangalia mchango wa kila mmoja, na kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 ilishasema hata kazi za nyumbani ni mchango, sembuse ww unayeuza dagaa.

Ila msikimbilie mahakamani, mtarudishwa. Anzeni baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la BAKWATA kama nyie ni waislamu, wakishindwa kuwapatanisha wanatoa hati na usiilaze kabatini maana ikizidi miezi 6 haifai kufungulia shauri. Akigoma kuja waombe waandike kwamba kaitwa kagoma.

Siku ya kikao beba risiti za bati na saruji, daftari la mauzo, hata meseji alizokuwa anakuomba hela ya fundi. Wazee wa baraza wanapenda sana "vumilia mama", wasikilize kwa heshima ila usisaini karatasi hujaisoma, hasa ya kugawana mali, amri ya mgawanyo inatoka mahakamani siyo kwao.

Na kama kuna kipigo (hujasema, ila nauliza) habari ya kupatanishwa iache kwanza, nenda dawati la jinsia polisi leo leo. Matunzo ya watoto waone ustawi wa jamii.