Ng'ombe wa Vrede

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Je, mwandishi wa habari anaweza kumng'oa rais?" Mkatoa mfano wa Jacob Zuma wa Afrika Kusini, ambaye magazeti yalimwandama mwaka wake wote wa mwisho Ikulu hadi akajiuzulu usiku wa Februari 14, 2018. Najua wengi watajibu ndiyo. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa hapa Morogoro, na mwaka ule niliufuatilia karibu kila asubuhi kwenye simu, nikisubiri gari la kuchukua maziwa. Jibu langu ni hapana. Naomba nafasi nieleze, maana naona swali lenyewe linawapa waandishi wale sifa isiyo yao na kuwanyima ile waliyoitolea jasho.

Kwanza niseme kwa nini habari hizi zinanigusa. Baba yangu alikuwa seremala Mazimbu, enzi ANC, chama cha Zuma, ilipokuwa na shule yake ya Solomon Mahlangu pale. Madawati aliyoyapiga randa yalikaliwa na vijana waliokimbia risasi za makaburu, na wengine wao wamezikwa palepale, makaburi yao yapo hadi leo. Kwa hiyo chama kile kwetu ni kama mtoto wa ndugu aliyelelewa nyumbani. Akiharibikiwa, unaumia.

Sasa turudi kwenye swali. Mwisho wa Mei 2017 zilianza kutoka barua pepe za familia ya Gupta, wale ndugu watatu wafanyabiashara kutoka India waliokuwa karibu na Zuma kuliko mawaziri wake. Miezi miwili iliyofuata waandishi wa kituo cha habari za uchunguzi cha amaBhungane na wa tovuti za Daily Maverick na News24 walizichapa moja baada ya nyingine: mikataba ya reli, safari za Dubai, nani alitumiwa wasifu wa nani kabla ya uteuzi. Nchi nzima ilisoma. Halafu Agosti 8 Bunge likapiga kura ya siri ya kutokuwa na imani na rais. Waliotaka aondoke walikuwa 177. Waliomlinda walikuwa 198. Kama habari peke yake ingetosha kumng'oa mtu, angeng'oka siku ile.

Aliyemtoa Zuma ni chama chake, na kilimtoa pale hesabu zake za ndani zilipogeuka. Desemba 2017, kwenye mkutano mkuu wa chama hicho kule Nasrec, Johannesburg, Cyril Ramaphosa aliupata uongozi wa chama kwa kumshinda Nkosazana Dlamini-Zuma, aliyeungwa mkono na Zuma, kwa kura 2,440 dhidi ya 2,261. Tofauti ni kura 179 katika ukumbi wa maelfu ya wajumbe. Zingeangukia upande wa pili, barua pepe zilezile zingekuwa mtandaoni na Zuma angemaliza muhula wake bila wasiwasi.

Basi waandishi walifanya nini? Kwangu mimi jibu liko Vrede.

Vrede ni mji mdogo katika jimbo la Free State. Serikali ya jimbo ilianzisha mradi mkubwa wa ng'ombe wa maziwa pale, ikasema ni wa kuwainua wakulima weusi maskini wa eneo lile, nao wapate hisa. Ukakabidhiwa kampuni iitwayo Estina, isiyojua lolote kuhusu ng'ombe. Zaidi ya randi milioni 200 za umma zilimiminwa humo. Mwaka 2013 waandishi wa amaBhungane, ambao wakati huo walikuwa chini ya gazeti la Mail & Guardian, walifika wakakuta mizoga ya ng'ombe imetupwa korongoni.

Hapo nawaomba wasomaji wasipite haraka. Mtu ambaye hajafuga anaweza kusoma "mizoga" akageuza ukurasa. Ng'ombe wa maziwa hafi kimya. Akikosa maji mchana mmoja, jioni unaiona ndoo haijajaa. Akikosa pumba na mashudu wiki moja, nyonga zinachomoza, manyoya yanasimama, anakufuata kwa macho kila unapopita. Mwaka juzi ndigana kali ilinichukulia mtamba mwenye mimba ya miezi saba. Tulikuwa wanaume wanne kumburuta hadi shimoni, na mke wangu hakutoka nje siku ile. Huyo alikuwa mmoja. Pale Vrede walikufa kwa makumi, wakaachwa korongoni hadi harufu ikawafikia majirani. Wenye mradi walikuwa na fedha za kununulia chakula cha kila ng'ombe wa wilaya.

Habari ile ilichapwa mwaka 2013. Hakuna aliyekamatwa. Aliyekuwa akisimamia kilimo katika serikali ya jimbo lile, Mosebenzi Zwane, miaka miwili baadaye alipandishwa kuwa waziri wa madini wa nchi nzima. Waandishi hawakuiacha. Miaka minne walikaa na jalada lao likiwa na tundu moja katikati: fedha ziliingia Estina, kisha zikaenda wapi?

Barua pepe za 2017 ndizo zilizoziba tundu. Juni 30 mwaka ule walichapa safari nzima ya fedha hizo. Zilitoka hazina ya jimbo zikaingia Estina, zikavuka hadi Dubai, zikazungushwa kwenye kampuni za akina Gupta, kisha kama randi milioni 30 zikarudi Afrika Kusini kulipia harusi ya familia hiyo katika hoteli za Sun City. Ni ile harusi ya 2013 ambayo ndege ya wageni wake ilitua katika kambi ya jeshi la anga ya Waterkloof. Vitabuni harusi iliandikwa kama gharama za biashara, na wakaguzi wa KPMG walipitisha.

Ukisema "ufisadi wa mabilioni", mama muuza maandazi anatikisa kichwa anaendelea na kazi yake. Ukimwambia kwamba fedha za ng'ombe wa maskini zimelipia maua ya harusi ya tajiri, atakaa chini akuulize ilikuwaje. Mwandishi anachoweza ni kumwezesha mtu huyo kujua alichoibiwa, kwa tarehe na kwa kiasi, na asiwepo wa kumwambia ameota. Hilo kwangu ni zito kuliko kumwangusha rais.

Na siku moja kabla ya habari hiyo, Juni 29, mambo mawili yalitokea Johannesburg ambayo mfano wenu haukuyataja. Kundi la Black First Land First lilikwenda kufanya vurugu nje ya nyumba ya Peter Bruce, mhariri na mwandishi wa safu aliyekuwa akiwakosoa akina Gupta. Siku hiyohiyo Suna Venter, mtayarishaji wa vipindi vya redio vya SABC, shirika la utangazaji la taifa, alikutwa amekufa nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 32.

Suna alikuwa mmoja wa wale wanane waliofukuzwa na SABC mwaka 2016 kwa kupinga amri ya kutoonyesha picha za maandamano yenye uharibifu. Mwenzake mmoja alikuwa Lukhanyo Calata, mtoto wa Fort Calata aliyeuawa na makaburu mwaka 1985. Mtoto wa shahidi anafukuzwa kazi katika nchi huru kwa kutaka kusema ukweli. Mimi ilinichukua siku kadhaa kulimeza hilo. Wanane wale walipigana mahakamani na wakaanza kurudi kazini. Lakini Suna aliendelea kuandamwa. Nyumba yake ilivunjwa, magurudumu ya gari yalichanwa, alipigwa risasi usoni, safari moja alifungwa kwenye mti na nyasi pembeni yake zikachomwa moto. Familia ilisema moyo wake ulikuwa umepata ugonjwa unaotokana na msongo wa muda mrefu. Tukisema waandishi "walimng'oa" Zuma, tunawachora kama jeshi lililoshinda vita. Huyu binti hakuwa jeshi. Alikuwa mtu anayekwenda kazini.

Lipo na jingine, nalisema kwa uchungu maana napenda magazeti. Sunday Times la Johannesburg lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchapa barua pepe za Gupta. Lakini gazeti hilohilo, kuanzia 2014, lilichapa mfululizo wa habari kwamba mamlaka ya mapato ina kikosi haramu cha upelelezi. Watu waaminifu walipoteza kazi, mamlaka ikadhoofika, na shutuma zile zikatumika kumpiga Pravin Gordhan, waziri wa fedha aliyekuwa akizuia wizi na ambaye Zuma alimfukuza usiku wa Machi 30, 2017. Gazeti lilikiri makosa mwaka 2016, na mwaka 2018 likaomba radhi tena na kurudisha tuzo lililopewa kwa habari hizo. Mwandishi anayewinda kichwa cha mkubwa ni rahisi kutumiwa na mkubwa mwingine mwenye mafaili ya kuvujisha. Waliokuwa Vrede mwaka ule wa 2013 hawakungoja kupewa faili na mtu. Walikwenda wakaangalia korongoni.

Mchana wa Februari 14, 2018, Zuma aliketi na SABC kwa karibu saa nzima akalalamika kwamba hakuna aliyemweleza kosa lake ni lipi. Asubuhi ya siku hiyo polisi wa kitengo cha Hawks walikuwa wamevamia nyumba ya akina Gupta, Saxonwold, kwa uchunguzi wa Vrede. Baadaye tume ya Jaji Raymond Zondo, iliyochunguza ufisadi wa enzi za Zuma, iliwaita wakulima wa Vrede wenyewe. Walikaa mbele ya kamera, wakaeleza walivyoahidiwa mradi ule na kwamba hawakuambulia kitu. Niliangalia kipande kile kwenye simu mara mbili, ndoo zikiwa miguuni pangu, hadi gari la maziwa likapiga honi.

Msomaji wenu,
Mfugaji, Morogoro