Kalipa na diski za nyuma, zitoe kwenye gari moja

Ndugu yangu, umeuliza kama diski za breki ulizopata kwa bei nafuu zinaweza kufanya kazi na kalipa (kifaa kinachobana diski kwa pedi) za gari jingine kwenye pikapu unayoiunda Changamwe, hapa Mombasa. Unasema matundu sita ya bolti yameingia sawasawa na fundi ameridhika. Bolti 6 kwenye duara la 139.7 mm utazikuta kwenye Hilux, Prado, Pajero na hata Patrol, kwa hiyo kuingia kwake hakujakwambia chochote kuhusu breki.

Nasema kwa sababu yamenipata. Hilux yangu ya zamani niliitoa breki za dramu za nyuma nikaweka diski. Diski nilinunua Mwembe Tayari, kalipa nikapata kwa muuzaji mwingine wiki iliyofuata. Fundi akakata bamba la kushikia kalipa, akachomelea, gurudumu likazunguka bila kukwaruza, tukafurahi. Miezi mingi baadaye, nateremka Mazeras kurudi mjini, nakanyaga breki, pedali ikazama karibu na sakafu. Za mbele zilishika, maana masta silinda (pampu kuu ya breki) ina vyumba viwili, nikafanikiwa kusimama kando. Tairi la nyuma kulia lilikuwa linachuruzika mafuta ya breki.

Kalipa ile ilitengenezwa kwa diski ya 18 mm, ile yenye njia za hewa katikati. Yangu ilikuwa bapa, 10 mm. Zile 8 mm zilizopungua, pistoni ya kalipa inayosukuma pedi ndiyo inazifidia, kwa kutoka nje zaidi. Pedi zikiwa mpya huoni kitu. Zikishalika, pistoni inaipita sili yake (mpira wa kuzuia mafuta) na mafuta yanamwagika. Tena nilipopitisha ukucha juu ya pedi nikakuta kidato cha upana wa 6 mm ambacho hakijaguswa kabisa: diski ilikuwa ndogo kwa kipenyo, pedi ikawa inaning'inia hewani.

Kwa hiyo chukua kalipa, diski na ikiwezekana mabano ya kushikia kalipa kutoka gari moja, na uende na venia, kile kipimio cha unene. Pima unene na ulinganishe na MIN TH, yaani unene wa chini unaoruhusiwa, iliyopigwa kwenye diski yenyewe. Pima pia kina cha kofia yake, ile sehemu ya katikati iliyoinuka, kwa sababu hicho ndicho kinachoamua kalipa ikae wapi.

Ukubwa wa pistoni nao usiupuuze. Pistoni ya 43 mm ina eneo kubwa kwa karibu asilimia 28 kuliko ya 38 mm, na nguvu ya kubana inaongezeka vivyo hivyo. Pikapu tupu nyuma ni nyepesi. Magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya ya mbele, mvua imenyesha Kibarani, mkia unakwenda wenyewe. Hilux nyingi zina vali kwenye chesisi, iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, inayopunguza presha ya nyuma gari likiwa tupu. Mafundi wengine huing'oa, wewe iache. Ila kama umeinua bodi, irekebishe fimbo yake, la sivyo itadhani gari ni tupu siku zote, hata ukibeba saruji.

Hendibreki usiiache mwisho. Ukingoja kivuko cha Likoni kwenye ule mteremko, ndiyo inayokushikilia. Chagua kalipa yenye mkono wa kebo, au diski yenye dramu ndogo ndani. Zile za kebo, nyingi pistoni yake hurudi kwa kuzungushwa, usiisukume ndani kwa klempu, utaiharibu.

Angalia pia skrubu ya kutolea hewa iwe juu. Ikiwa chini, umebadilisha kulia na kushoto, na pedali haitakuwa ngumu hata utoe hewa kutwa nzima.

Na chumvi ya hapa kwetu inakula pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Mimi zangu nazitoa kila baada ya miezi sita, nazisafisha na kuzipaka grisi ya breki.

Kabla fundi hajachomelea mabano, ashike kwa nukta mbili tu, mfunge kalipa, mzungushe diski, mpime nafasi kulia na kushoto kwake. Zikilingana, ndipo achomelee moja kwa moja.