Barua kwa mwanangu: siagi ya Waingereza

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na sisi huku Tanga tu wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza kama yule msimamizi wako wa Leeds alikutukana. Ulimsifia anavyopanga zamu vizuri, ukitaka kumwomba likizo ya Idi, naye akacheka akasema, "Are you buttering me up?" Ukanywea, na likizo hukuiomba.

Hakukutukana. Msemo huo ni kumpaka mtu siagi, yaani kumsifu ili alainike umpate unavyotaka. Usiufananishe na kilemba cha ukoka. Ukimvika mtu kilemba cha ukoka, sifa zenyewe ni za uongo na unamfanya mjinga. Siagi ya Waingereza si lazima iwe ya uongo. Mama yule msimamizi wako anaweza kuwa hodari kweli wa kupanga zamu, na bado ikawa unampaka, kwa kuwa umengoja kumwambia saa ile ile una haja naye. Wenyewe huutumia zaidi kwa utani, kwa mzazi, kwa mteja, kwa bosi, na akikwambia huku anacheka ujue amekuzoea.

Ukisoma mahali kwamba asili yake ni samli iliyorushiwa sanamu za miungu kule India, usiamini. Hakuna ushahidi wa maana. Ni siagi ya mkate tu, inayopakwa ikateleza.

Yako maneno makali zaidi. "Suck up" ni kujikomba, na "brown-nose" ni chafu, usilitamke kazini. Kisha kuna "toady". Hilo lina kisa chake. Karne ya 17 huko Uingereza, matapeli wa dawa walitembea na kijana ambaye kazi yake ilikuwa kumla chura mbele ya watu, au kujifanya anamla. Watu waliamini chura yule ana sumu. Tapeli humpa kijana dawa yake, kijana anapona, chupa zinanunuliwa. Jina la mla chura, "toad-eater", ambalo ndilo lililozaa "toady", likaja kumwangukia kila anayekubali kumeza lolote ili ampendeze mkubwa wake. Huyo ndiye mnayemwita chawa siku hizi. Wewe hukuitwa hivyo, wala hufanani naye.

Kilichoniuma ni pale ulipoandika kwamba tangu sasa hutamsifia mtu yeyote kazini. Usifanye hivyo, mwanangu. Ulitenda kama ulivyolelewa. Kwetu huingii kwa mtu na haja mkononi: utapiga hodi, utaamkia, utauliza hali ya wazee na watoto, utausifia hata mwembe wake ulivyozaa, ndipo useme shida yako. Hakuna atakayedhani unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukianza na shida ndiyo watasema huyu hakufunzwa. Huko, sifa ikifuatwa na ombi, msikilizaji huviunganisha, akaona ya kwanza ilikuwa malipo ya ya pili.

Basi vitenganishe. Siku ambayo huna shida naye, mwambie ratiba yake imekupa nafasi ya kulala, na utaje wiki yenyewe, ajue umeiona kazi yake. Siku ya ombi, msalimie, kisha sema ombi. Mweleze kwamba Idi hufuata kuandama kwa mwezi, hivyo unaomba siku mbili, na mwenzako fulani amekubali kukushikia zamu. Akikutania tena kuhusu siagi, cheka naye, umwambie ratiba ni nzuri na likizo pia unaitaka. Yote mawili ni kweli.

Nenda kamwombe wiki hii, kabla wenzako hawajazichukua siku hizo. Akishakujibu, nipigie.

Mama yako