Kadi 80 ubaoni, ukurasa bado mweupe

Maswali ya wasomaji: uandishi na kompyuta

Swali: Shikamooni wahariri. Naandika ripoti ya utafiti kuhusu maduka ya kandokando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016. Mahojiano yote nimeyaweka kwenye Canvas, ubao wa kupanga kadi na kuziunganisha kwa mishale ulio ndani ya Obsidian, programu ya kuandika na kutunza noti. Kadi zimefika 80 na mishale imejaa tele, lakini kila nikifungua waraka ili niandike, nakwama. Nakosea wapi?
*Mwanafunzi, Sinza*

Jibu: Marahaba. Kukusanya umekusanya vizuri. Tatizo ni kwamba ubao una upana na urefu, ilhali waraka ni foleni. Ubaoni kadi tatu hukaa pamoja bila mtu kuuliza ipi itangulie. Kwenye waraka hilo ndilo swali la kwanza, nawe bado hujalijibu.

Anza na kadi zenyewe. Kama nyingi ni neno mojamoja, "Wateja", "Kodi", "Kituo", hizo ni mada tu, hazisemi kitu. Ndiyo maana zinakubali mshale kutoka kila upande. Ziandike upya ziwe sentensi kamili: "Duka lililo mbali na kituo limepoteza wateja wa kupita." Kauli kama hiyo mtu anaweza kuikubali, kuipinga au kuidai ushahidi. Chini yake weka namba ya mahojiano ulikoitoa. Kadi moja ibebe wazo moja. Ukikuta "na pia" katikati, igawe.

Kisha tengeneza nakala ya faili la ubao, na kwenye nakala hiyo futa mishale yote. Inauma, lakini mishale uliyochora siku ya kwanza inakufunga kwenye mawazo ya siku ya kwanza. Jiro Kawakita, mwanaanthropolojia wa Japani aliyefanya utafiti Nepal, alibuni utaratibu wa kupanga kadi unaoitwa KJ, kwa herufi za kwanza za jina lake, la ukoo likitangulia kama ilivyo desturi ya Kijapani. Soma kadi mojamoja, sogeza pamoja zinazovutana, na jina la kundi liandike baada ya kundi kupatikana. Ukitanguliza majina, utazishurutisha kadi ziingie kwenye sura ulizozizoea darasani. Kadi isiyopata wenzake iache peke yake, usiisukumize popote. Huenda ndiyo yenye jambo jipya. Kwa ripoti yako makundi 5 hadi 7 yanatosha. Chagua kadi za kundi, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, unda kundi, na jina lake nalo liwe sentensi.

Sasa rudisha mishale, ila kati ya kundi na kundi tu. Bofya mshale mara mbili uuandikie neno: "kwa sababu", "lakini", "kwa mfano". Mshale unaokosa neno haukuwa na hoja, ufute. Maneno hayohayo ndiyo yatakayounganisha aya zako.

Mwisho panga makundi yawe safu moja, juu hadi chini. Hapa usiharakishe, maana hapa ndipo ripoti inapoamuliwa. Fungua noti mpya, yaani ukurasa wa kuandikia, pembeni mwa ubao, nakili majina ya makundi yawe vichwa kwa kuweka alama ## mbele, kisha andika kwa maneno yako huku ukitazama kadi. Ukizibandika zilivyo utapata orodha ya sentensi, si aya. Kila kadi iliyoingia kwenye maandishi ipake kijani. Kundi lisilo na kijani hata kidogo linakudai sura, au halikuhitajika.

Swali: Natumia Miro, ubao wa kadi wa mtandaoni, ila bando likiisha nabaki naangalia ukuta. Kuna njia nyingine?
*Mwalimu, Mbagala*

Jibu: Ipo, Mwalimu. Miro inategemea intaneti, na akaunti yake ya bure ina kikomo cha mbao tatu za kuhariri. Ni nzuri mnapofanya kazi watu wengi kwa pamoja. Ukiwa peke yako, Canvas ya Obsidian, iliyotoka Desemba 2022, hufanya kazi bila bando kwa sababu faili zote ziko kwenye kompyuta yako. Angalizo: ubao huhifadhi anwani ya kila noti na picha. Ukibadilisha jina la faili nje ya programu, kadi yake haitaipata tena. Badilishia ndani. Na kila Ijumaa nakili folda nzima kwenye flashi.

Excalidraw, programu ya kuchora, nayo ni nyepesi, lakini ukiitumia kwenye kivinjari, michoro hukaa ndani ya kivinjari hichohicho. Ukisafisha data zake, kazi imekwenda. Hifadhi faili kila unapomaliza.

Swali: Sina kompyuta, nina simu tu. Nifanyeje?
*Msomaji, Chanika*

Jibu: Simu inafaa kuongeza kadi na kusoma. Kupanga haifai, kwani kioo kinaonyesha kadi chache mno kwa wakati mmoja. Kata karatasi 10 za A4, kila moja vipande 8, upate kadi 80. Andika kwa kalamu nene, zipange mkekani, zipige picha kutoka juu, kisha andika kwenye simu ukifuata picha. Zima feni kwanza.