Usipokee pole ya dereva kabla ya PF3

Msimu wa korosho wa mwaka juzi nilipanda taksi pale Mkanaledi, Mtwara mjini, kupeleka sare za harusi Mikindani. Tukiwa karibu kufika, dereva akataka kulipita lori lililojaa magunia. Ninachokumbuka ni honi, kisha mtaro. Mfupa wa mtulinga upande wa kulia ulivunjika. Mimi ni fundi cherehani. Bega la kulia ndilo duka langu.

Sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya dereva: "Dada angu, tusiite trafiki. Haya tunayamaliza wenyewe."

Jioni mjomba wake akabisha hodi nyumbani kwetu na sukari kilo mbili na shilingi 80,000. Huku kwetu mjomba akishakuja, jambo limeshakuwa la ukoo, na kumkatalia ni kazi. Mama alikwishaanza kulegea. Aliyekataa ni mjomba wangu mimi, aliyekula ujana wake akiwa kondakta wa mabasi. "Mzee mwenzangu, sukari tumepokea, ahsante. Hela rudi nazo. Mtoto hajachukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi."

Nilimwona mkatili. Kijana wa watu, gari si lake, tumkamue nini? Mjomba akanielewesha kitu ambacho hata yule dereva hakukijua: anayelipa si yeye, ni bima ya gari. Sheria inataka kila gari barabarani liwe na bima, angalau ya mtu wa tatu, na gari linalobeba abiria kwa malipo lazima bima yake imguse na abiria. Wengi tunadhani mtu wa tatu ni yule aliyegongwa akivuka barabara tu. Kumbe na wewe uliyekaa kiti cha nyuma umo.

Umo, lakini tazama kibao cha namba kwanza. Cheupe ni gari la biashara, cha njano ni la mtu binafsi. Jirani yangu aliumia nyonga kwenye mchomoko, yaani gari dogo la mtu binafsi linalobeba abiria wa kulipa, wa kwenda Masasi, Probox yenye kibao cha njano iliyokuwa imepakia watu saba. Kampuni ya bima ilimjibu kwa barua ya mistari minne: gari halikukatiwa bima ya kubeba abiria wa kulipa. Akaambiwa amdai mwenye gari, ambaye mali yake yote ilikuwa hiyohiyo Probox iliyopondeka. Najua saa nyingine hakuna usafiri mwingine, nami nimeipanda michomoko mara nyingi. Ila ujue umepanda nini. Na kama kosa ni la gari la pili lililowagonga, usikate tamaa: kwa bima ya gari hilo wewe ni mtu wa tatu, hata kama chombo ulichopanda hakina chochote.

Kwa hiyo siku hizi napiga picha kibao kabla sijafungua mlango. Namba hiyo ukiiingiza kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unaona kama bima ipo, ya kampuni gani na inaisha lini. Bure, dakika moja. Binti yangu anayesoma Dar huita gari kwa programu ya simu. Nimemwambia ahakikishe namba iliyoonyeshwa ndiyo iliyokuja, na apige picha ya skrini safari inapoanza, maana simu nayo huweza kuvunjika. Bodaboda ni vilevile, ila ukikubali kupanda mshikaki, abiria zaidi ya mmoja, unaipa kampuni sababu ya kukubishia.

Sasa makaratasi. PF3 inatoka polisi, na ndiyo inayounganisha jeraha lako na ajali ile. Ukiwa na hali mbaya nenda hospitali kwanza, ndugu aifuate polisi siku hiyohiyo. Zaidi ya hiyo utahitaji mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, na risiti zote, mpaka ya bandeji. Kilichonichelewesha mimi ni nakala ya hukumu. Dereva alishtakiwa, akakiri, akalipa faini, nikadhani basi. Kampuni ya bima ikataka hukumu yenyewe yenye mhuri. Nilipanda ngazi za mahakama mara tano kuifuata, mkono umefungwa shingoni.

Kisha wakaniuliza: kipato chako kilikuwa kiasi gani? Sina hati ya mshahara mimi. Nina daftari. Kila mteja ana ukurasa wake: kiuno, kifua, urefu, bei, alicholipa na anachodaiwa, na kipande cha kitambaa chake kimebanwa kwa pini. Nililipeleka lilivyo. Kijana wa kampuni anayeshughulikia madai alilipekua kimyakimya, akagusa kitenge kimoja, akasema, "Huyu ni shangazi yangu." Akaenda kutoa nakala za kurasa za miezi sita kabla ya ajali na za miezi minne iliyofuata, ambazo zilikuwa tupu. Mwenzangu wa genge, wa bajaji, wa kukaanga samaki, andika. Hata kwa penseli.

Nyaraka zikikamilika, kampuni ina siku 45 za kulipa. Wakikuzungusha, dai jibu la maandishi, kisha peleka malalamiko TIRA, wana ofisi ya Kanda ya Kusini hapahapa Mtwara. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, na huduma yake hailipiwi. Ukitaka kwenda mahakamani, mlango hufungwa miaka mitatu baada ya ajali, hivyo usikae ukingoja ahadi za simu. Na jihadhari na watu wanaokufuata wodini na kalamu mkononi wakitaka asilimia ya fidia yako. Wakili unaweza kumtafuta mwenyewe ukishatoka kitandani.

Fedha ilipokaribia, wakaniletea karatasi ya kusaini kwamba nikipokea kiasi kile sina dai tena kuhusu ajali ile. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Nikakumbuka chuma kilichowekwa begani, ambacho daktari alisema kitatolewa baadaye. Nani atalipa? Nikaomba kwanza nirudi kwa daktari aandike kwenye ripoti yake gharama ya kukitoa. Kijana wa madai alikunja uso kidogo, maana faili lake lilikuwa limeshapigwa mhuri. Nikangoja wiki tatu nyingine. Karatasi ya pili ilipokuja, gharama ya chuma ilikuwemo, nikasaini kwa mkono wa kushoto.