Si Nini, Ni Lini: Wanayoyapuuza Wachezaji wa Civilization VI

Mhariri, salaam kutoka Mombasa.

Swali lenu la wiki hii liliuliza: katika mchezo wa kompyuta unaochezwa zamu kwa zamu, ni kitu gani kiko mbele ya macho ya wachezaji na bado hawakitumii? Najibu kwa Civilization VI ya Firaxis, mchezo wa kujenga taifa mji kwa mji, uliotoka Oktoba 2016, pamoja na nyongeza zake mbili za 2018 na 2019. Hesabu zote hapa ni za mwendo wa kawaida.

Jibu langu ni wakati. Wachezaji wanabishana wajenge nini, na ubishi huo hauishi. Kuhusu wajenge lini, kimya. Ilhali kitu kile kile kina bei moja zamu ya 40 na bei nyingine kabisa zamu ya 90. Mcheza bao haambiwi hili mara mbili. Nyumba iliyojaa kete ni mali, ila faida yake iko katika zamu unayochagua kuivunja.

Tuanze na wilaya za mji, yaani kampasi, bandari, soko na nyinginezo. Bei yake hupanda kila unapozidi kukamilisha teknolojia na hatua za utamaduni. Wengi wanalijua hilo. Wasilolitumia ni kwamba bei hufungwa pale pale unapochagua kigae, yaani kipande cha ramani, cha kuijenga. Mji unaruhusiwa wilaya ya kwanza ukiwa na mtu 1, ya pili wakifika 4, ya tatu 7, na kuendelea kwa kuongeza watatu watatu. Basi zamu ile mji unapofika watu 4, weka msingi wa wilaya ya pili, kisha rudi kujenga mlowezi au askari uliyekuwa naye. Msingi utakusubiri kwa bei ya zamani hata zamu 30 baadaye. Gharama yake ni moja: kigae chenye msingi hakilimwi wala hakichimbwi tena, kwa hiyo usiuweke juu ya kigae kinachoulisha mji.

Hapo hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika. Ukiweka wilaya juu ya msitu, msitu unatoweka na hupati kitu. Ungemtuma mjenzi kwanza aukate, mji ungepokea uzalishaji wote kwa mkupuo. Kukata msitu kunahitaji teknolojia ya uchimbaji madini. Msitu mnene wa mvua unahitaji ufuaji wa shaba nyeusi. Kinamasi kinahitaji umwagiliaji. Mavuno ya kukata huongezeka jinsi unavyoendelea kielimu, na Magnus, mmoja wa magavana unaowapanga mijini, akiwa mjini yanaongezeka kwa 50%. Lakini gavana huyo huchukua zamu 5 kutulia baada ya kuhamishwa. Anayemhamisha leo na kukata msitu leo amepoteza nusu ile nzima. Mhamishe kwanza, mlete mjenzi nyuma yake.

Yureka nazo. Karibu kila teknolojia ina sharti dogo ambalo ukilitimiza unapewa 40% ya gharama yake bure; hiyo ndiyo yureka, au kasi, ya teknolojia hiyo. Kukutana na taifa jingine kunakupa kasi ya uandishi, kuanzisha mji wa pwani kunakupa ya usafiri wa baharini, kuua kikosi kwa kutumia mrusha kombeo kunakupa ya upinde, na kufungua njia ya biashara kunakupa ya sarafu. Kosa ni kuacha utafiti ukimbie hadi mwisho huku sharti limebakiza zamu mbili. Fanya hivi: tafiti mpaka karibu 60%, simama, hamia teknolojia nyingine. Ulicholipa hakipotei. Sharti likitimia, hiyo 40% inaziba pengo. Ukipita 60%, kila unachoongeza umekilipia mara mbili. Hata hivyo usiwe mtumwa wa yureka. Kama sharti lake ni zamu 20 mbali na unaihitaji teknolojia hiyo kujilinda, ilipie kamili na uende zako.

Kadi za sera, zile unazoziweka serikalini zikupe nafuu fulani, ndizo zinazonishangaza zaidi, maana watu huziweka na kuzisahau kama picha ukutani. Kuzibadilisha ni bure kila unapokamilisha hatua ya utamaduni. Nje ya hapo unatozwa dhahabu. Kwa hiyo iache hatua moja fupi ikiwa imebakiza zamu moja, uimalizie siku unayohitaji kubadili kadi. Ilkum inaharakisha wajenzi kwa 30%, na Agoge inaharakisha askari wa mwanzo wa miguu na wapiga mishale kwa 50%. Kuziweka mji ukiwa unajenga hekalu ni sawa na kukodi jahazi na kuliacha gatini.

Mfano mzuri ni wajenzi. Mjenzi wa kwanza anagharimu uzalishaji 50, na kila unayemwongeza anakuwa ghali kwa 4. Wote wana kazi 3, yaani kila mmoja anafanya kazi mara 3 kisha anatoweka. Ukifika hatua ya ukabaila, ambayo kasi yake hupatikana kwa kulima mashamba 6, unafungua kadi inayowapa wajenzi wapya kazi 2 zaidi. Kazi 5 kwa bei ya kazi 3! Mwenye subira hajengi wajenzi wengi zamu chache kabla ya hapo. Anaweka akiba ya dhahabu, anaiweka kadi hiyo, ananunua watatu au wanne kwa mpigo, halafu anaitoa. Jeshi nalo lina mwendo huo huo: mrusha kombeo ni 35, mpiga mishale ni 60, na ipo kadi inayopunguza kwa nusu dhahabu ya kuboresha vikosi. Jenga vya bei ndogo mapema, kadi ikija boresha vyote zamu moja.

Sasa bandari. Mtu aliyezaliwa kati ya Bandari ya Kale na Kilindini hana udhuru wa kuiweka vibaya, lakini wengi wanaitupa popote penye maji. Bandari inayogusana na katikati ya mji inapata dhahabu 2, na 1 kwa kila rasilimali ya bahari inayopakana nayo. Soko, yaani wilaya ya biashara, linapata 2 likigusa mto na 2 likigusa bandari. Zaidi ya hayo, kila wilaya mbili zinazopakana huongeza 1, na katikati ya mji pia huhesabiwa kuwa wilaya. Ukizipanga zote tatu pembetatu, kila moja ikigusa nyingine mbili, bandari inaanzia 3 hata bila samaki, na soko linaanzia 3, au 5 likiwa kando ya mto. Baadaye karakana ya meli inaupa mji uzalishaji sawa na ile faida ya ujirani wa bandari, kwa hiyo kigae ulichokichagua zamu ya 50 ndicho kinachoamua kasi ya mji zamu ya 130. Wilaya haihamishwi. Tumia pini za ramani: kabla ya mlowezi kutua, bandika pini ya katikati ya mji, ya bandari na ya soko. Pembetatu isipokubali, msogeze mlowezi kigae kimoja. Zamu moja iliyopotea hapo inarudi.

Ila tusidanganyane na bahari. Mji ulio kando ya maji matamu unaanza na makazi 5, yaani nafasi za watu kuishi. Wa pwani bila mto unaanza na 3. Wa bara kavu una 2. Idadi ya watu ikibakiza nafasi moja kufikia makazi, ukuaji unashuka hadi nusu, na nafasi zikiisha unashuka hadi robo. Maana yake mji wa pwani usio na mto unaanza kudumaa ukiwa na watu wawili tu, na mchezaji anaongeza mashamba akidhani tatizo ni chakula. Tatizo ni makazi. Ghala linaongeza makazi 2, kwa hiyo liwe jengo la kwanza katika mji wa namna hiyo, mbele ya mnara wa kumbukumbu.

Kuhusu dola-mji, yaani miji inayojitawala ambayo unaitumia wajumbe ili uipate upande wako, nitataja moja kwa sababu ni ya kwetu. Zanzibar imo humo kama dola-mji ya biashara. Anayekuwa mlezi wake, yaani mwenye wajumbe wasiopungua 3 na kuwapita wengine wote, anapewa mdalasini na karafuu, anasa mbili zisizopatikana popote pengine kwenye ramani. Anasa ya kawaida inaleta starehe 4, moja kwa kila mji, kwa hiyo inaituliza miji 4. Kila moja ya hizi inaleta starehe 6. Wachezaji wanawagawa wajumbe mmoja mmoja kila mahali hadi mwisho wa mchezo. Kugawa huko ni sawa mwanzoni, kwani mjumbe wa kwanza pekee kwa dola ya biashara anauletea mji mkuu dhahabu 4. Lakini miji yako ikifika sita au saba na manung'uniko yakaanza, waelekeze wajumbe wote wapya Zanzibar hadi uwapite washindani.

Na anasa unayoimiliki mara mbili? Ya pili haiwafaidii watu wako hata kidogo. Iuze kwa mataifa mengine. Mkataba ni wa zamu 30, nao ukiisha hauna kelele: dhahabu inashuka, au kama ulikuwa unanunua, starehe inashuka zamu moja katika miji yote iliyokuwa ikiipata. Andika zamu ya mwisho kwenye pini, ukipenda hata katikati ya bahari.

Vitani nitasema jambo moja tu. Kikosi kinapopandishwa daraja kinapona nguvu 50 kati ya 100, na zamu yake inaishia hapo. Wengi wanabofya mara alama inapotokea, kikosi kikiwa kizima, na tiba yote inamwagika. Kiache kipigane, kikijeruhiwa kipandishe. Usikawize kupita zamu mbili tatu, kwa sababu kikosi chenye daraja lililosubirishwa hakijazi uzoefu mwingine. Pia hakikisha hakijamaliza mwendo wake zamu hiyo, la sivyo alama utaiona na kuipata hutaipata.

Msomaji wenu, Mombasa